Kutoka Cambridge hadi Pumwani: Edward Carey Francis na Kazi ya Mwanahisabati

Mtu aliyesomea hisabati hadi upeo wake afanye kazi gani? Swali hili aghalabu huulizwa kwa kejeli. Daktari hutibu, wakili hutetea, mhandisi hujenga. Mwanahisabati, machoni pa umma, hukokotoa mambo yasiyouzika sokoni. Katika eneo la Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, ambako mvua za vuli ndizo zinazotegemewa kuivisha ndengu na mtama, swali lenyewe lina uzito wa ziada. Mzazi anayeuza mbuzi ili mwanawe afike chuo kikuu ana haki ya kujua mbuzi hao wamegeuka kuwa nini. Tangu chuo kikuu kilichoko Kwa Vonza kipate hati yake mwaka 2013, shahada ya hisabati haiko mbali tena na Kitui. Kazi ya kuifanyia shahada hiyo ndiyo iliyo mbali. Si haba wanaohitimu na kuishia kufundisha kwa ujira mdogo wa bodi ya shule huku wakiisubiri Tume ya Kuwaajiri Walimu iwakumbuke. Jamii nayo huihesabu subira hiyo kuwa hasara, kana kwamba ubao ni mahali pa mtu aliyekosa mahali pengine.

Ni kwa sababu hii maisha ya Edward Carey Francis yanastahili kusomwa upya. Yeye alikuwa tayari ameipata kazi ambayo wanahisabati wengi wa wakati wake waliitamani, akaiacha kwa hiari, akaja kufundisha hesabu katika shule ya misheni karibu na ziwa. Historia ya elimu nchini Kenya inamkumbuka kama mwalimu mkuu wa Alliance, mlezi mkali wa tabaka lililorithi serikali mwaka 1963. Wanaomkumbuka kama mwanahisabati ni wachache. Makala haya yanamtazama zaidi kwa upande huo uliosahaulika, bila kuufumbia macho ule mwingine.

Francis alizaliwa tarehe 13 Septemba 1897 katika mtaa wa Hampstead, London, akasoma katika Shule ya William Ellis. Vita Kuu ya Kwanza vilimkuta kijana, naye akavitumikia kama afisa katika kikosi cha mizinga. Hilo si jambo la kupitwa haraka. Wanahisabati wengi wa kizazi chake walifundishwa na vita kwamba hesabu ya pembe na umbali huua watu, na waliorejea hai walirejea na maswali ambayo mitihani haikuyauliza. Baada ya vita alijiunga na Chuo cha Trinity, Cambridge, kituo kilichokuwa kikiongoza Uingereza katika taaluma hiyo, na mwaka 1922 akateuliwa kuwa felo wa Chuo cha Peterhouse na msimamizi wa masomo ya hisabati hapo.

Pana haja ya kufafanua maana ya cheo hicho kwa msomaji wa leo aliyezoea kupima usomi kwa shahada ya uzamifu. Cambridge ilikuwa ndiyo kwanza imeanzisha shahada hiyo baada ya vita, na wenyeji wa chuo hawakuitilia maanani sana. Kipimo chao kilikuwa ufelo. Aliyeteuliwa kuwa felo alikuwa amethibitishwa na wenzake kuwa hana wa kumfundisha tena, ila utafiti wake mwenyewe. Alipewa chumba, chakula, mshahara na wakati wa kufikiri. Kwa lugha ya siku hizi, Francis alikuwa na ajira ya kudumu akiwa na umri wa miaka 24, katika fani ambayo nafasi zake zilihesabika kwa vidole.

Wala hakuwa felo wa jina tu. Alifanya utafiti katika uchanganuzi, tawi la hisabati linaloshughulikia vikomo na mabadiliko ya vipimo, na pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati mashuhuri wa karne ya 20, alitunga kitabu cha mazoezi ya mifululizo isiyo na kikomo. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1928. Somo lake linaweza kuelezwa kwa mfano mwepesi. Mtu akitembea nusu ya njia, kisha nusu ya iliyobaki, kisha nusu ya iliyobaki tena, hatua zake hazina mwisho, lakini jumla ya mwendo wake haivuki urefu wa njia nzima. Si kila mfululizo ulio na adabu ya namna hiyo; mwingine hukua hadi ukapita kila kikomo, ingawa kila hatua yake ni ndogo kuliko iliyotangulia. Kazi ya mwanahisabati ni kujua upi ni upi, na kuthibitisha.

Mwaka huohuo wa 1928, Francis alijiuzulu Peterhouse na kuja Kenya chini ya Shirika la Kimisheni la Kanisa la Anglikana. Alipewa kuiongoza Shule ya Maseno, iliyokuwa imeanzishwa na shirika hilo mwaka 1906 karibu na mstari wa ikweta. Alikuwa na umri wa miaka 30. Mtu anayetafuta tukio moja la ghafla linaloeleza uamuzi huo hatalipata kwa urahisi, na huenda ni vyema hivyo. Imani yake ya Kikristo ilikuwa thabiti, naye aliuona ualimu kuwa wito. Ila kutoka kwenye vikao vya Littlewood hadi kwenye darasa la wavulana wanaojifunza kugawanya sehemu kwa sehemu ni hatua ambayo wito peke yake hauielezi. Francis alipenda kufundisha kuliko alivyopenda kuvumbua. Hilo halisemwi sana kuhusu wasomi, pengine kwa kuwa linaonekana kuwashusha hadhi.

Maseno ilimpa kila kitu isipokuwa wakati wa kufikiri. Mwalimu mkuu wa shule ya misheni alikuwa mhasibu, hakimu, mkaguzi wa mabweni, kocha wa kandanda na msomaji wa sala. Utafiti wake ulikomea Cambridge. Badala yake alifundisha, tena madarasa ya chini. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa miongoni mwa waliopitia mikononi mwake hapo, akaja baadaye kufundisha hesabu Maseno, na katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 1967 anamtaja Francis kwa heshima iliyochanganyika na ubishi. Mchanganyiko huo utajirudia kwa karibu kila Mwafrika aliyemwandika.

Mwaka 1940 Francis alihamishiwa Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, kumrithi George Grieves aliyekuwa mwalimu mkuu wake wa kwanza tangu mwaka 1926. Kwa sadfa, mwaka huohuo G. H. Hardy, mshirika mkubwa wa Littlewood, alichapisha insha yake maarufu ya kuitetea hisabati. Hardy aliiona hisabati halisi kuwa sanaa, akajivunia kwamba uvumbuzi wake haukuwa na matumizi, na akauweka ufafanuzi wa kazi za wengine katika daraja la akili za kadiri. Kwa kipimo cha Hardy, Francis alikuwa amejitupa. Alitoka katika kazi ya kwanza akaingia katika kazi ya pili kwa hiari yake, na hakuonekana kujuta. Watu hawa wawili walilelewa na chuo kimoja na fani moja, na jibu lao kuhusu kazi ya mwanahisabati ni kama mashariki na magharibi. Anayewasoma pamoja hana budi kukiri kwamba Hardy aliandika vizuri zaidi, ilhali Francis ndiye aliyekuwa na wanafunzi wengi zaidi waliojua kukokotoa.

Alliance ya wakati huo ilikuwa mlango mwembamba. Ilianzishwa na muungano wa misheni za Kiprotestanti, na ndiko lilikotoka jina lake. Misheni ya Afrika Inland, iliyokuwa na vituo Ukambani kikiwamo cha Mulango karibu na mji wa Kitui, ilikuwa mojawapo ya misheni hizo. Kwa hiyo mvulana wa Ukambani alikuwa na njia ya kufika Kikuyu, angalau kwenye karatasi. Kwa hakika njia hiyo ilipitia kwenye mtihani wa kumalizia shule ya msingi, na katika mtihani huo hesabu haikuwa na huruma. Mtoto angeweza kubahatisha insha, lakini hangeweza kubahatisha faida ya riba au eneo la shamba lenye pembe zisizolingana. Zombe wakati huo ilikuwa mbali na kila kitu: mbali na mji wa Kitui, ambao nao ulikuwa mbali na reli. Aliyetoka huko akafika Alliance alikuwa amechujwa mara nyingi kabla ya kumwona Francis uso kwa uso.

Lakini vitabu husafiri kuliko watu. Francis alitunga vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za Afrika, na vilitumika katika shule za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mtu aliyewahi kuandika na Littlewood kuhusu mifululizo isiyo na kikomo aliketi kutunga maswali ya bei ya mahindi, mwendo wa baiskeli na ujazo wa debe. Wapo watakaoona kushuka hapo. Mwalimu wa shule ya msingi anajua zaidi. Kutunga swali la kugawanya ambalo mtoto wa miaka 12 atalielewa bila mwalimu kulitafsiri, ambalo jibu lake halina mabaki ya kutatanisha, na ambalo linamwandaa kwa swali linalofuata, ni kazi inayodai ujuzi wa somo lote hadi mwisho wake. Asiyejua somo linaelekea wapi hawezi kujua lianzie wapi. Pengine hakuna kazi nyingine ambayo usomi wa Cambridge ulitumika kikamilifu zaidi nchini Kenya.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, jambo moja hapa linaacha uchungu. Hisabati hiyo yote katika madarasa ya juu ilifundishwa kwa Kiingereza. Alliance ya Francis ilijivunia Kiingereza chake, ikaigiza tamthilia za Shakespeare, na lugha za wanafunzi zikabaki nje ya darasa. Tanzania ilipokifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi baada ya mwaka 1967, walimu wake walilazimika kuyatafutia majina mambo ambayo Kenya iliendelea kuyaazima: kipeo, kizio, mlinganyo, seti, pembetatu mraba. Hesabu na hisabati ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu na yamekuwa midomoni mwa Waswahili kwa karne nyingi. Wafanyabiashara wa pwani walipiga hesabu za riba na mizigo kabla ya Maseno kujengwa. Kwamba mwalimu hodari kiasi hicho hakuona haja ya kuligeukia hilo ni pengo katika kazi yake, hata kama lilikuwa pengo la wakati wake.

Mapengo mengine ni makubwa zaidi. Francis aliamini Dola la Uingereza lilikuwa na dhamana ya kuwalea Waafrika, na mlezi ndiye angeamua ulezi umekwisha lini. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, shule yake ilikuwa katikati ya nchi iliyochemka. Alipinga Mau Mau bila kigugumizi, akauita uovu. Alilalamikia pia ukatili wa askari wa serikali dhidi ya raia, jambo ambalo Wazungu wengi wa wakati ule walilinyamazia. Msimamo huo haukumridhisha mtu yeyote. Walowezi waliwashuku wasomi waliotoka shuleni kwake. Wazalendo walimwona kama uso wenye tabasamu wa mkoloni yuleyule.

Fasihi haikumsamehe. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955 na kuhitimu mwaka 1958. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza, alikuta kijiji chao karibu na Limuru kimebomolewa na watu wamehamishiwa kwenye makazi ya lazima. Miaka 22 baada ya kuingia shuleni alichapisha riwaya ya Petals of Blood, na wahakiki wengi wamemtambua Francis katika mhusika Cambridge Fraudsham, mwalimu mkuu wa Siriana. Jina lenyewe ni shtaka: nusu ya kwanza ni chuo, nusu ya pili ni hadaa na bandia. Fraudsham wa riwaya ni mtu mwenye huruma isiyohoji misingi yake, na huruma ya aina hiyo, riwaya inadai, ni mnyororo. Hata hivyo, katika kumbukumbu zake za Alliance zilizotoka mwaka 2012, Ngũgĩ anamrudia mtu huyohuyo kwa jina lake halisi, na safari hii picha ina pande zaidi. Mwalimu mkuu anaonekana mwenye imani, mkali, mwadilifu kwa kadiri alivyouelewa uadilifu, na shule yake ni kama ua ambalo ndani yake hapana bunduki, ijapokuwa nje zinalia. Mhakiki anayesoma kitabu kimoja bila kingine humfanyia Francis dhuluma, na humfanyia Ngũgĩ dhuluma pia.

Riwaya ile, hata hivyo, haigusi hisabati, na hilo ni kosa la uhakiki wa baadaye kuliko la mwandishi. Darasani kwa Francis, jibu lilikuwa sahihi au si sahihi, awe amelitoa nani. Katika koloni ambamo mishahara ya walimu ilipangwa kwa rangi na ambamo neno la mlowezi lilishinda ushahidi wa Mwafrika, uthibitisho wa hisabati ulikuwa mahali pamoja ambapo mvulana mweusi aliweza kumwonyesha Mzungu kwamba amekosea, na Mzungu akalazimika kukubali. Francis huenda hakukusudia hivyo. Vijana waliofunzwa kudai hatua kwa hatua kwa nini jambo ni kweli hawakukawia kuidai serikali hatua zake.

Mmoja wa waliofundisha somo hilo chini yake katika miaka ya 1950 alikuwa Bethwell Allan Ogot, mhitimu wa hisabati kutoka Makerere. Ogot alitoka Alliance akaenda Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, na huko akageukia historia. Alirudi na kuwa mmoja wa waliothibitisha kwamba masimulizi ya Waafrika yanaweza kuwa ushahidi wa kihistoria, mradi yapimwe kwa mbinu. Haihitaji ubunifu mwingi kuona nidhamu ya mwanahisabati ndani ya kazi ya mwanahistoria huyo, aliyefariki mwezi Januari 2025. Hisabati haikumpa kazi aliyoifia. Ilimpa namna ya kuifanya.

Njia nyingine ilikuja baada ya Francis. George Saitoti alipata shahada ya uzamifu katika hisabati Chuo Kikuu cha Warwick mwaka 1972, katika tawi la topolojia ya kialjebra, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kuiongoza idara yake. Mwaka 1983 akateuliwa Waziri wa Fedha, na mwaka 1989 akawa Makamu wa Rais. Aliufikia upeo wa usomi kama Francis, lakini yeye aliutoka ubao kwenda madarakani, na sakata ya Goldenberg ikamwandama hadi mahakama ilipoliondoa jina lake katika ripoti mwaka 2006. Akafariki mwaka 2012 katika ajali ya helikopta. Wazazi wengi wangependa mtoto wao apite njia ya Saitoti. Njia ya Francis haionekani hata kuwa njia.

Na mwisho wake hauonekani kuwa wa mtu mashuhuri. Alistaafu Alliance mwaka 1962, akikaribia miaka 65. Wanafunzi wake walikuwa wakijiandaa kuingia wizarani na bungeni. Angeweza kurudi Uingereza, kukubali heshima za chuo chake cha zamani na kuandika kumbukumbu. Hakuoa na hakuwa na familia ya kumngoja upande wowote. Alichofanya ni kutafuta kazi. Aliipata katika Shule ya Upili ya Pumwani, Nairobi, si kama mwalimu mkuu bali kama mwalimu wa kawaida aliyepangiwa vipindi na mtu mwingine.

Pumwani ni mtaa wenye historia inayowahusu wasomaji wa jarida hili. Ulianzishwa mapema katika miaka ya 1920 kama makazi rasmi ya Waafrika, na nyumba zake za Majengo, zenye vyumba vilivyopangwa pande mbili za ukumbi, zilibeba Uswahili hadi ndani ya Nairobi. Kiswahili kilikuwa lugha ya barabara, ya msikiti na ya kibanda cha chai. Shule yake haikuwa Alliance. Haikuchuja vipawa vya nchi nzima. Ilipokea vijana wa jirani, wengi wao watoto wa watu wasio na mashamba kokote. Hapo ndipo felo wa zamani wa Peterhouse alipoandika ubaoni sehemu, asilimia na milinganyo, mwaka baada ya mwaka, huku Kenya ikipata uhuru, ikawa jamhuri, na waliokuwa wanafunzi wake wakigombana juu ya mwelekeo wake. Mwezi Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais. Mwalimu wake wa Maseno alikuwa bado darasani Pumwani.

Francis alifariki tarehe 27 Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 68, kabla ya kuacha kufundisha. Mwaka uliofuata Tume ya Kuwaajiri Walimu ilianza kazi, na kuanzia hapo mwalimu wa hesabu, awe wa Kikuyu, wa Pumwani au wa Zombe, akawa na mwajiri mmoja.